Ng'ombe Watatu wa Ng'ambo

Kwa siku nne nilikosa usingizi kwa sababu ya ng'ombe watatu waliokufa zamani sana. Waliishi katika mji mdogo wa pwani, kaskazini mashariki ya Amerika, wakati walowezi wa Kiingereza walipokuwa bado wanajenga uzio wao wa kwanza. Mimi sijawahi kuvuka hata mpaka wa Uganda. Lakini insha niliyoandika juu ya ng'ombe hao ilikuwa imenipatia nafasi ya shahada ya uzamili katika chuo kikuu cha huko huko, pamoja na ufadhili. Barua yao ilisema wamevutiwa hasa na sehemu ya ng'ombe, na walitaka jibu langu kabla ya Jumatatu. Nami nilikuwa nimetoka kugundua kwamba sehemu hiyo ya ng'ombe haikuwa kweli.

Niseme, au ninyamaze niende? Mama husema mimi naweza kuchagua nyanya mpaka muuzaji akafunga meza yake. Safari hii nilijigeuza kitandani nikiwaona ng'ombe wale wamesimama kwenye ukungu, ukungu kama ule wa ziwa letu asubuhi ya mwezi wa sita, wakinitazama kana kwamba ni mimi niliyewatoa zizini.

Nilipewa ng'ombe hao na Mwalimu. Mtaa mzima wa kwetu Kiseke unamwita hivyo, na mimi sitamwita vingine. Sitaeleza alizaliwa lini wala ni wa ukoo gani, maana yeye mwenyewe hakuona haja. Alisema katika vitabu vya kumbukumbu vya mji ule, mtu haingii kwa kuzaliwa. Anaingia siku karani anapoandika alama ya sikio la ng'ombe wake, na kabla ya hapo hayupo. "Kwa hiyo wewe, Mhaya," aliniambia, "usiye na hata mbuzi, utasubiri sana nje ya kitabu." Yeye ni Msukuma wa Magu. Mimi wazazi wangu walihamia Mwanza kutoka Bukoba, kwa kazi ya mama ya uuguzi. Kati yetu utani ulikuwa salamu ya pili baada ya shikamoo.

Nyumba yake ina chumba cha mbele kilichojengwa kuwa duka. Kina dirisha pana lenye nondo, kaunta ya saruji, na mlango unaofunguka barabarani. Aliyeijenga alihama kabla hajaleta bidhaa, Mwalimu akanunua, na kwenye rafu za sukari na sabuni akapanga vitabu. Watoto wageni mtaani walikuwa wanakuja na sarafu mkononi.

"Mwalimu, kuna sukari?"

"Kuna historia."

"Ya kupima?"

"Ya kusoma. Ingia."

Wengi walikimbia. Mimi niliingia nikiwa darasa la tano, kwa sababu niliogopa kurudi nyumbani bila sukari, na pia niliogopa kumkatalia mtu mzima. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikatazama picha ya meli katika kitabu kikubwa mpaka mama akanifuata. Naweza kusema maisha yangu yote ya shule yametoka katika ile ndoo.

Alisoma na rula ya mbao. Aliiweka chini ya mstari, akaishusha polepole, mstari mmoja baada ya mwingine, hata kama ni gazeti. Alijifunza hivyo ng'ambo, alipokuwa anasoma mwandiko wa makarani wa kale, mwandiko uliolala kama majani yaliyopigwa na mvua. Jicho lisiposhikwa, alisema, linasoma linachotaka. Vitabu vyake alivifunika kwa karatasi za khaki kwa sababu ya wadudu wa ziwa. Kila mwaka wakati wao ulipofika, waliinuka juu ya maji kama moshi, wakaja mpaka Kiseke, wakapenya nondo. Ukifungua kitabu chochote cha Mwalimu utawakuta kurasani, wamekauka, wepesi kuliko herufi. Hakuwaondoa. Alisema msomaji wa baadaye atajua kitabu hiki kiliishi wapi.

Swali lake kuu lilikuwa moja: nani alishika kalamu? Aliuliza hivyo juu ya kila karatasi. Tukimletea kitabu cha shule kinachosema wakulima walifurahi, aliuliza nani alishika kalamu. Siku moja kwenye mkutano wa mtaa katibu alisoma kwamba wananchi wote walikubali mfereji wa maji machafu upite nyuma ya nyumba za chini. Mwalimu akasimama, akauliza. Aliyeshika kalamu alikuwa mpwa wa mwenyekiti, na watu wakacheka mpaka mkutano ukavunjika. Wakamwadhibu kwa kumfanya yeye katibu. Mkutano uliofuata aliandika kila kitu: aliyesema, aliyenyamaza, aliyetoka nje kabla ya kura na aliyerudi baada ya kura. Kumbukumbu zile zilichukua saa nzima kusomwa. Hawakumpa tena kalamu.

Hakusema Marekani. Alisema Amerika, kwa sababu katika wakati wake, yaani wakati aliokuwa akiusoma, Marekani ilikuwa bado haijazaliwa. Alizungumza juu ya karne ile kama mtu anayezungumza juu ya mtaa wa pili, kwamba kule jana upepo ulikuwa mkali. Mama alimuuliza mara moja, kwa heshima lakini bila kuficha shaka yake, mambo ya kale ya Wazungu yanamhusu nini mtu wa Magu. Tulikuwa tumemkaribisha chakula. Mwalimu akatazama sahani.

"Ugali huu ni wa nini, mama?"

"Wa mahindi."

"Mahindi yametoka Amerika. Na kisamvu hiki?"

"Cha mihogo."

"Mihogo imetoka Amerika. Karanga ulizotia humu nazo. Na ile michembe niliyowaletea juzi, ni viazi vilivyokaushwa, na viazi hivyo ni vya huko. Ukiniondolea Amerika kwenye sahani hii, utaniachia sato peke yake."

"Sato ni wa kwetu," mama akasema.

"Sato ni wa kwetu," akakubali, akala.

Lakini kilichompeleka kule hakikuwa mahindi, kilikuwa ng'ombe. Alikuwa mwalimu wa sekondari mwenye kiu ya kusoma, akapata mahali pa kusoma shahada ya juu, akiwa hajui atasoma nini hasa. Miezi ya kwanza alipotea. Alisoma juu ya magavana na wachungaji wa dini na hakuna aliyemgusa. Kisha siku moja, katika chumba cha kumbukumbu, akafunguliwa kitabu cha mji, na ndani yake karani amechora masikio. Masikio ya ng'ombe, safu kwa safu, na kila sikio na mkato wake, na jina la mwenye mkato pembeni. Mojawapo lilikuwa na mkato wa pembetatu kwenye ncha, sikio la kushoto, kama mkia wa mbayuwayu.

"Hiyo ni alama ya baba yangu," alituambia, na kila aliposimulia alishika ncha ya sikio lake mwenyewe. "Ng'ombe wa baba yangu, Magu. Nikacheka kwa sauti. Mhudumu akaja kuniambia ninyamaze. Nikamwambia, mama, hawa ng'ombe nawajua."

Kutoka siku hiyo alipata njia. Aliona mambo ambayo wenzake darasani waliyapita. Waliposoma kwamba ng'ombe wa walowezi waliingia katika mashamba ya mahindi ya wenyeji wa nchi ile, na kwamba chuki nyingi zilianzia hapo, wenzake waliandika nusu ukurasa. Yeye alijaza daftari. Ni nani wa Magu, aliuliza, asiyejua ng'ombe akiingia shambani huacha nini nyuma?

Na hapo ndipo penye ng'ombe watatu. Tulikuwa tunamwomba atusimulie kama watoto wengine wanavyoomba hadithi ya sungura. Katika kitabu cha mji kulikuwa na mistari minne: ng'ombe watatu wa mtu fulani wapo kwa jirani yake fulani, maziwa ni ya anayewatunza, na ndama watakaozaliwa watagawanywa nusu kwa nusu. Mwanahistoria wa huko angepita. Mwalimu alisimama. Kwao, mtu hampi yeyote tu ng'ombe wake awatunze. Unamwekea ng'ombe rafiki, au shemeji, au mtu unayetaka awe hivyo. Ng'ombe wakiwa kwake, una sababu ya kwenda kwake, naye ana sababu ya kukukaribisha. Kwa hiyo wanaume wale wawili, katika ule mji wa baridi na maombi, walikuwa marafiki. Alituelezea jinsi mmoja alivyopanda kilima kuja kuwaona ng'ombe wake, na mwingine akamletea maziwa mlangoni, wakakaa bila kusema mengi, huku bahari ikinguruma chini. Nikiwa kwenye ndoo yangu niliwaona. Niliiona bahari ile, nayo ilikuwa na mawe makubwa yaliyobebana kama ya kwetu.

Alisafiri kwenda kuuona mji wenyewe. Alipanda mabasi mawili, akatembea, akafika mahali palipokuwa malisho ya mji. Palikuwa na nyasi fupi na mbwa waliovishwa makoti. Alizunguka na ramani ya kale mpaka bibi mmoja akatoka nyumbani kwake akamuuliza kama amepotea.

"Nikamwambia, hapana bibi, natafuta ng'ombe watatu. Akaingia ndani, akafunga mlango. Nikasema, basi, polisi wanakuja."

"Walikuja?"

"Alikuja yeye. Ameshika sweta. Akasema, ng'ombe siwajui, lakini wewe unatetemeka."

Sweta hilo analo mpaka leo. Ni la kijani, viwiko vimeliwa, na hulivaa asubuhi za mwezi wa saba, wakati sisi wa ziwani tunapodhani kuna baridi.

Sasa niseme mambo ambayo sikuyaelewa kwake. Watu walipoanza kumwita Daktari, kwa kuwa alisoma hadi huko, alikataa, na hakueleza kwa nini. Hakuwa mtu wa unyenyekevu katika mambo mengine. Alijisifu waziwazi kuhusu mwandiko wake na kuhusu kupika dagaa. Pia alipenda kivuko cha Busisi kuliko mtu mwenye safari. Kabla ya daraja kukamilika, alikwenda Kigongo na kitabu, akavuka, akarudi, akavuka tena. Alisema juu ya kivuko mtu hayupo huku wala kule, na hapo ndipo mtu husoma vizuri. Nilidhani anaikumbuka Atlantiki. Baadaye nilijua alikuwa na ng'ombe wake upande wa pili, kwa rafiki, ila mara nyingi hakwenda kuwaona. Alivuka tu.

Na jambo la tatu ndilo hili. Mtu huyu, aliyemsumbua katibu wa mtaa, aliyenirudishia insha ya kidato cha sita mara nne kwa sababu ya neno "bila shaka", kwa miaka yote alisimulia habari ya ng'ombe watatu bila hata mara moja kuuliza nani alishika kalamu. Ningeliona hilo mapema, nisingekosa usingizi.

Nilipomaliza kidato cha sita alinipa nakala ya ule ukurasa wa mistari minne. Niliibeba chuo kikuu Dar, nikairudisha. Nilikaa miaka miwili baada ya kuhitimu nikifundisha watoto masomo ya ziada, na jioni niliandika insha ile, juu ya urafiki wa wanaume wawili ulioonekana katika ng'ombe, na jinsi jicho la mtu wa Ziwa Viktoria linavyoweza kuuona. Sikumwonyesha Mwalimu. Nilitaka iwe zawadi.

Jumanne jioni, barua ya kukubaliwa ilipofika, nilikwenda nayo. Mama alikuwa ameshanibariki kwa namna yake: "Umepata nafasi ya kwenda mbali kote huko kusoma ng'ombe. Magu ni saa moja tu kwa gari." Mwalimu alisoma barua kwa rula. Akasema niisome insha kwa sauti. Nikasoma, naye amefumba macho. Nilipofika kwenye maziwa mlangoni, akafumbua.

"Hiyo umewapelekea?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Akainuka, akafungua droo ambayo siku zote nilidhani ina dawa zake za presha. Akatoa karatasi moja. Ilikuwa nakala ya ukurasa mwingine, wa mahakama. Niliisoma nikiwa nimesimama. Ng'ombe wale watatu waliingia katika shamba la mahindi la mwanamke mwenyeji wa nchi ile, wakalimaliza. Mwanamke akaenda kulalamika. Mahakama ikawachukua ng'ombe kwa mwenyewe, ikawaweka kwa jirani mpaka uzio utengenezwe na mahindi yarudishwe. Mwenye ng'ombe alimtukana jirani hadharani kwa kukubali kuwapokea, akaonywa. Hakukuwa na kilima wala maziwa ya mlangoni. Kama mahindi yalirudishwa, haikuandikwa.

"Umekuwa nayo muda gani?"

"Tangu kule."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza nani alishika kalamu."

"Miaka yote hii, Mwalimu?"

"Miaka yote hii."

Hakutabasamu. Niliweka karatasi juu ya kaunta, nikatoka bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu mzima yeyote. Ndipo zikaanza siku nne.

Ijumaa ujumbe wake ukaingia kwenye simu yangu: Kesho naenda kuwaona ng'ombe. Vaa viatu vya kutembea.

Tulipanda basi la Geita, lakini Kigongo akamwambia kondakta tunashuka. Kondakta akasema, mzee, ng'ambo bado. Mwalimu akasema anajua ng'ambo iko wapi. Alitaka kulitembea daraja. Tukaanza polepole, yeye amevaa sweta la kijani kwenye jua, magari yakipita upande mmoja na maji yakiwa upande mwingine. Daraja lile ni refu kiasi kwamba katikati yake ncha zote mbili zinafifia. Chini, karibu na nguzo, ndege weupe walikuwa wamesimama juu ya mimea inayoelea, nayo ikielea nao. Nilihisi tunatembea ndani ya kitu ambacho hakijaandikwa bado.

"Nilimwandikia baba," alisema ghafla. "Nilipopata ile mistari minne. Hakujua kusoma, katekista ndiye aliyemsomea. Baba akaipenda habari ile kupita kiasi. Akawasimulia watu wote kwenye josho. Akawaambia, kumbe hata kule kuna watu. Ukurasa wa mahakama niliupata baadaye. Baba alikuwa ameshazikwa."

Tukatembea.

"Nikaona aibu kumwondolea ng'ombe wake," akasema. "Kwa hiyo hapa nyumbani niliwaacha kama alivyowajua yeye. Kule nilisema. Ningeweza kuurudisha ukurasa ule kwenye boksi lake, hakuna aliyekuwa ameufungua kwa miaka. Nikaupeleka kwa msimamizi wangu. Sura ile ikaanguka, na sura mbili zilikuwa zimeiegemea. Muda wa ufadhili ukaisha kabla sijaziinua. Ndiyo maana mimi si Daktari."

Nilisimama. Miaka zaidi ya kumi ya kumjua, na nilikuwa sijawahi kuuliza.

"Ulijuta?"

"Kila siku, kwa miaka kama saba. Halafu nikachoka."

"Basi mimi nifanye nini, Mwalimu?"

Nilitegemea jibu moja tu: sema. Nilikuwa hata nimeshajiandaa kulichukia.

"Nyamaza," akasema. "Nenda. Ukifika utawasahihishia ukiwa ndani. Mimi nilisema ukweli nikarudi na sweta."

Upande wa Busisi tulipokelewa na rafiki yake, mzee mrefu ambaye miaka mingi alifanya kazi ya kufunga kamba za kivuko, na sasa ana boma lenye ng'ombe juu kidogo ya barabara. Nilimwamkia, akaniitikia, kisha akamgeukia Mwalimu.

"Umekuja kuwatazama ng'ombe wangu?"

"Wangu."

"Maziwa nakunywa mimi, samadi natia mimi shambani, wakiugua nalala nao mimi. Wako kwa masikio tu."

Walikuwa wanne, na kweli kila mmoja alikuwa na mkia wa mbayuwayu kwenye sikio la kushoto. Niligusa mmoja. Sikio lilikuwa la moto na lilitikisika, na kwa sekunde chache nilikuwa na hakika kwamba nimegusa kitu kilichotoka kwenye kile kitabu.

Tuliketi penye kivuli cha paa la jikoni. Mke wa mzee alituchomea mahindi kwenye jiko la mkaa. Mimi, kwa kuwa siwezi kuacha jambo likae, nikamuuliza mzee kama yeye na Mwalimu waliwahi kugombana.

"Na huyu? Mwaka juzi hatukusalimiana miezi mingapi, Mwalimu?"

"Mitano."

"Mitano. Kwa ajili ya dume."

"Dume langu lilikuwa na adabu. Wewe ndiye uliyeacha zizi wazi."

"Adabu? Liliingia kwenye mihogo ya huyu mama, likang'oa kama limetumwa."

Wakacheka, wakipigana mabega. Moyo wangu ukaruka. Nikaiona njia: marafiki hugombana, ng'ombe hubaki, kwa hiyo hata ule ukurasa wa mahakama haukufuta urafiki. Ningeweza kuiokoa insha yangu kwa aya moja. Nilikuwa tayari naipanga kichwani, sentensi kwa sentensi.

"Na mihogo yangu hamjanirudishia mpaka leo," akasema mama, huku anageuza hindi.

Hakusema kwa hasira. Mzee alikuwa ameshaanza habari nyingine, ya siku injini ya kivuko ilipozimika katikati ya maji, na Mwalimu alikuwa anamkosoa. Hakuna aliyemjibu yule mama. Alipuliza majivu kwenye hindi, akanipa mimi, akachukua lingine akaliweka motoni.

Nilishika hindi lile bila kulila. Aya yangu ilikuwa imekamilika kichwani, nzuri, na ndani yake hakukuwa na mahali pa yule mama.

Nikatoa simu. Kwa kawaida barua ya mistari mitano hunichukua siku mbili. Hii niliandika hindi likiwa bado linachoma vidole. Niliwaambia kwamba sehemu ya ng'ombe katika insha yangu si sahihi, kwamba upo ukurasa wa mahakama ambao sikuwa nimeuona, na kwamba ng'ombe wale waliwekwa kwa jirani kwa sababu waliharibu shamba la mwanamke mwenyeji aliyekwenda kudai mahindi yake. Niliwaambia bado nataka kuja, kama bado wananitaka, na kwamba nikija nitaanza na yeye.

Mwalimu aliona uso wangu. Akanyoosha mkono, nikampa simu. Hakuwa na rula. Aliweka ukucha wa kidole gumba chini ya mstari wa kwanza, akaushusha, mstari kwa mstari, mpaka chini. Akarudi juu, akasoma tena. Nilingoja aniambie nifute.

"Andika pia kwamba jina lake karani hakuliandika," akasema.

Nikaandika.

Kisha akageuka, akavuta kigoda chake kuelekea jikoni. "Mama," akasema, "ile mihogo ilikuwa matuta mangapi?"

Mzee akakatiza habari yake ya kivuko. Mama hakuinua macho kutoka kwenye mkaa.

"Sita," akasema. "Nilishaacha kusubiri mtu aulize."

Mwalimu akatoa kalamu kwenye mfuko wa sweta na kuanza kuandika nyuma ya tiketi ya basi. Mtandao wa pale ulikuwa dhaifu. Nikainuka, nikapanda jiwe lililo nyuma ya zizi, mahali ambapo maji na daraja vinaonekana vyote, nikainua simu juu, nikabonyeza. Nilisubiri mpaka ikaandika kwamba barua imekwenda. Ndipo nikashuka, nikakaa kando ya yule mama, nikala hindi langu.